Kompyuta Haiji Mombasa

Kapsoit,
Jumamosi, tarehe 8 Novemba.

Kwa kaka yangu Gordon,

Pokea salamu zangu, za Mama, na za majirani wote ambao hukuulizia kila wakiniona nimeshika simu. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba joto la Mombasa limekumalizia kile kikohozi ulichoondoka nacho huku wakati wa Pasaka. Sisi hatujambo. Goti la Mama humsumbua mvua ikikaribia, na kwa vile huku kwetu mvua hukaribia kila siku saa nane mchana, unaweza kukisia mwenyewe. Lakini bado anauza dagaa wa omena na mboga sokoni, na juzi alimfokea mteja mmoja aliyeonja omena mara tatu na kuondoka bila kununua, kwa hiyo jua nguvu anazo.

Phelix alifika asubuhi ya leo akitoka kupakia chai kiwandani. Alisimamisha lori kando ya barabara, akaja mpaka mlangoni na blanketi mkononi, akaniambia umemtuma aibebe laptop na kwamba ataifunga vizuri isigongwe njiani. Nimempa chai na chapati, nikamwomba anisubiri. Hana haraka, gurudumu moja linazibwa pancha pale stendi.

Kaka, kompyuta haiji. Atakuletea barua hii, pamoja na kitu kidogo kilicho ndani ya bahasha ambacho naomba usikifungue mpaka umalize kusoma.

Naandika kwa sababu kwenye simu tumeshindwa. Kila nikianza kueleza unaniambia network inakatika, na ajabu ni kwamba hukatika ninapofika mahali pa kukupinga. Barua haikatiki. Utanisikiliza mpaka mwisho leo, hata kama ni kwa hasira.

Nianzie Pasaka. Ulipoleta ile laptop yako ya zamani ukaiweka mezani mbele ya Mama, ulisema ni yangu, nisome programu mpaka nisimame kwa miguu yangu. Nilikushukuru, na shukrani hiyo haijapungua hata leo. Tangu Baba alipofariki na tukatoka kwenye nyumba ya kampuni, hakuna aliyenipa kitu kikubwa namna ile. Nilianza kusoma juma hilo hilo. Asubuhi nilikuwa kwa Mzee Wambugu, nikiwachapia watu barua na kuwajazia fomu za serikali kwenye kompyuta zake, na jioni nilikaa na laptop nikifuata masomo ya Python, lugha ya kuandikia programu. Na ndiyo, nilicheza gemu. Sikuwahi kukuficha kwa sababu hukuwahi kuniuliza. Duka la Wambugu lina kompyuta sita, na nne ni za vijana wa gemu. Mimi ndiye niliyekuwa nikizitengeneza zikikwama. Ukitengeneza gemu iliyokwama lazima uicheze ujue kama imekwamuka, na ukiicheza miezi miwili unakuwa hodari.

Halafu Mzee Johana wa kanisani akaingia siku moja kutoa kopi ya kitambulisho chake. Alinikuta nimevaa vile visikizio vya masikioni, nikimpigia Kepher, mwenzangu wa gemu ya mpira, kelele apitishe mpira, na vijana saba wamesimama nyuma yangu wakishangilia. Alichukua kopi yake, akaenda moja kwa moja sokoni kumwambia Mama kwamba binti ya marehemu Otiende sasa anacheza kamari kwa Wambugu. Mama alimwuliza kama aliona pesa. Mzee Johana akasema hakuona pesa lakini aliona furaha nyingi sana, na furaha kama ile haiwezi kuwa ya bure. Jioni hiyo hiyo akakupigia simu wewe pia.

Nakumbuka simu yako neno kwa neno. Ulisema hukuninunulia mchezo. Ulisema mtu hawezi kutumikia mabwana wawili, kwamba katika mifumo ya kuendesha kompyuta Windows ni ya wachezaji na Linux ni ya watu wa kazi, na kwamba mwandishi wa programu wa kweli hana haja ya Windows. Ukaniagiza nifute kila kitu, kila kitu, niweke Linux, kwa sababu huko hakuna gemu itakayofunguka, na nitake nisitake nitasoma. Nilijaribu kusema kitu. Network ikakatika.

Nikatii. Naomba hilo uliandike mahali, Kaka, kwamba mara ya kwanza nilitii. Jumamosi ya tarehe kumi na tisa Julai nilibeba laptop mpaka dukani kwa Wambugu, nikapakua Linux Mint, nikaiweka kwenye flashi. Mambo yangu niliyanakili kando. Ilipofika pale inapokuuliza kama unataka kufuta diski yote, nilikuwa na hasira nawe kiasi kwamba sikusoma sentensi ya pili. Nilibonyeza. Wambugu alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha uji. Alitazama ule mstari ukijaa polepole, akatikisa kichwa, akasema, "Maxine, hiyo kitu umeua. Sasa utacheza na nini? Hii Linux yako ya penguin haijui hata mpira ni nini."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimenuna, nikisubiri kuadhibiwa na ile Linux kama ulivyopanga. Adhabu haikuja, Kaka. Niliipenda. Yale mambo ya Python yaliyokuwa yakinisumbua, kuweka hiki kabla ya kile, kutafuta njia ya faili, yalifunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Laptop yenyewe iliacha kupiga kelele kama posho mill. Stima ikipotea mvua inaponyesha, na unajua inavyopotea, betri ilinivusha dakika arobaini badala ya ishirini. Kwa hayo ulisema kweli, na sitakunyima haki yako.

Lakini ulikosea kwa lile la gemu. Siku ya nne niligundua kwamba kuna programu iitwayo Proton inayofanya kazi kama mkalimani wetu wa kanisani: gemu inazungumza lugha ya Windows, Proton inaigeuza papo hapo, na Linux inaelewa. Ile gemu ya mbio za magari niliyokuwa nikiicheza tangu Pasaka nikaijaribu nikijua itakataa. Ikafunguka. Ikakimbia vizuri kuliko mwanzo. Nilicheka peke yangu mpaka Mama akatoka jikoni kuuliza kama nimepata kazi.

Halafu kulikuwa na gemu nyingine ya magari, ya bure, ambayo msimbo wake uko wazi, yaani mtu yeyote anaweza kuona ilivyoandikwa. Ilikuwa na kasoro. Ukifika kona ya barabara ya matope, gari lilipenya ukuta na kuanguka kwenye weupe usio na mwisho. Wachezaji wengine walilalamika tu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mashine ya watu wa kazi, kama ulivyonitaka, kwa hiyo nikafungua msimbo nikaanza kusoma. Sikuelewa kitu siku ya kwanza. Siku ya sita nilielewa nusu. Baada ya majuma matatu nilipata mahali ambapo hesabu ya urefu wa ukuta ilikuwa inafanywa kabla ukuta wenyewe haujawekwa. Nikaandika mistari kumi na minne, nikaituma. Msimamizi wake, mtu wa Ureno ambaye sijawahi kumwona, aliirudisha mara mbili akinionyesha nilipokosea, na mara ya tatu akaipokea. Sasa ukifungua orodha ya walioitengeneza ile gemu, jina langu limo, na mbele yake nimeandika Kapsoit. Nilipokueleza habari hii kwenye simu ulisema, "Kwa hiyo bado unacheza." Hilo tu ndilo ulilosikia.

Niambie, Kaka, ningeiona vipi kasoro ya ukuta kama sikuwa nikicheza? Na ningeitengeneza vipi kama sikuwa nimesoma? Huyo aliyecheza na huyo aliyeandika ni mtu mmoja, na ana mikono miwili hii hii. Unasema mabwana wawili. Kompyuta si bwana. Ni jembe. Mama ana jembe la kulimia na panga la kukatia majani ya ng'ombe, na sijawahi kumsikia mtu akimwambia achague moja ajulikane yeye ni nani.

Kulibaki jambo moja tu ambalo Linux ilikataa kabisa. Ni ile gemu ya mpira tunayocheza kama timu, mimi, Kepher na Chepng'eno. Ile ina askari wake mlangoni wa kuwazuia wanaodanganya, na askari huyo haitambui Linux. Ukija nayo anakufukuza hata kama huna kosa. Nilijaribu kila njia halali. Wambugu alifurahi sana kuniona nimeshindwa. Alisema mashindano ya Kericho yanakuja mwezi wa tisa, kwamba hawezi kutuma timu bila mimi, na kwamba nirudi Windows kama mtu mwenye akili. Kwa hiyo nikawa na wanaume wawili, mmoja Mombasa na mwingine Kapsoit, kila mmoja akinivuta upande wake, na hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini.

Nilichukua daftari nikaanza kupima. Nilipima muda wa kuwaka, joto, betri, gemu zinazokubali na zinazokataa, na muda niliokuwa nikipoteza nikisoma masomo yangu upande huu na upande ule. Nilipima juma zima kila upande, Windows ikiwa kwenye diski ya kuazima. Ndipo nikaamua mimi mwenyewe. Linux ndiyo nyumba yangu. Naishi humo, nasoma humo, naandika humo, na gemu nyingi nachezea humo humo. Windows nimeipa chumba cha nje. Tulitoa ile sehemu ya kuwekea CD ambayo hakuna anayeitumia siku hizi, Kepher akanisaidia kufunga hapo diski ya pili, kuukuu ya dukani, nikaweka Windows na ile gemu ya mpira peke yake. Nikiwasha laptop inaniuliza niingie wapi, na mimi ndiye ninayejibu.

Mashindano tulienda. Ukumbi wa Kericho ulijaa, na wasichana tulikuwa wanne tu. Tulishinda mechi mbili, kisha tukatolewa na timu moja kutoka Chepilat, mbili kwa moja, na hilo moja nililifunga mimi. Sikurudi na kikombe. Nilirudi na sauti imekauka. Mama alikuwa amekubali kuja kutazama, akakaa mbele na mkoba wake magotini kama yuko kwenye harambee, na tulipotolewa aliuliza tu kama wale vijana wa Chepilat wamekula, maana walionekana wembamba. Mzee Wambugu naye amelegea. Zile kompyuta zake mbili za kuchapia sasa zina Linux, kwa sababu virusi vilikuwa vinamfukuzia wateja kuliko penguin. Zile nne za gemu zimebaki na Windows. Haoni aibu, na mimi sioni aibu.

Wiki iliyopita nilikuambia haya kuhusu diski mbili, nikidhani utacheka. Badala yake ulisema nimekudharau. Ulisema laptop apewe Beverly wa Shangazi anayesomea uuguzi, kwamba yeye ana adabu, na kwamba Phelix ataipitia. Ukasema pia utaitoa mwenyewe ile video ya Baba kabla ya kumpa Beverly, kwa ajili ya ukumbusho wa Desemba.

Hapo ndipo barua hii ilikuwa ikielekea tangu mwanzo, Kaka. Kuna siku nimeziruka makusudi, nami sasa nazirudia.

Jumapili mbili baada ya kuweka Linux, ulinipigia simu ukiwa na furaha. Ulisema umeongea na Baba Mdogo Obonyo na watu wote wa kwetu Nyakach, kwamba tarehe kumi na tatu Desemba tutakapokusanyika nyumbani kumkumbuka Baba, tutawawekea video uliyomchukua ile Krismasi yake ya mwisho. Ulisema simu uliyoichukulia iliibiwa Kongowea, lakini bahati nzuri uliinakili kwenye laptop, ndani ya karatasi zako za zamani za kazi. Ukaniuliza, "Iko, sivyo?"

Nami nikakujibu, "Iko."

Haikuwepo. Ulikuwa umeniambia nifute kila kitu, nami nilifuta kila kitu. Nilinakili vyangu tu. Makaratasi yako ya kazi sikuyafungua hata mara moja kwa sababu niliona ni ya kazi. Nilipokata simu nilikaa kwenye kiti nikiwa nimeikumbatia laptop. Mama alinikuta hivyo, akaniuliza ni nani amekufa. Jibu la kweli lilikuwa ni Baba, mara ya pili, na aliyemuua ni mimi.

Nilizima laptop saa ile ile. Nilikuwa nimesoma kwamba kitu kilichofutwa kwenye diski za namna ile hakiondoki mara moja, hubaki pale kama shamba lililofyekwa lakini mizizi ikabaki, mpaka uandike kitu kingine juu yake. Kila dakika niliyoitumia ilikuwa inakanyaga mizizi. Kesho yake niliitoa ile diski kabisa, nikaifunga kwa kitambaa nikaiweka kwenye sanduku la Mama, nikanunua nyingine Kericho kwa mshahara wangu. Nilikuambia ile ya zamani ilikuwa inachoka. Haikuwa inachoka. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili.

Mama nilimwambia siku ya tatu. Sikuweza kukaa naye meza moja. Hakunipiga wala hakulia. Aliniuliza kama Gordon anajua. Nikasema hapana. Akasema, "Basi tafuta kwanza. Mtu akipoteza mbuzi, anatafuta kwanza, halafu ndio anapiga kelele."

Nilitafuta majuma matano. Nilikuwa nikiifunga diski ile kama kitu cha nje, nisiandike chochote juu yake, nikiikagua kutoka kwenye Linux kwa programu za kufufua mafaili, kila mchana mvua ikinyesha na duka likiwa tupu. Wambugu aliniazima diski kubwa ya kutupia yaliyopatikana, wala hakuniuliza ya nini. Programu ya kwanza ilinipa barua zako za maombi ya kazi na picha za watu nisiowajua. Ya pili ilinipa vipande vya video visivyofunguka. Ndipo nikaanza kuandika ya kwangu, fupi, ya Python, ya kuvitambua vile vipande na kuvipanga kimoja baada ya kingine. Unaniuliza nimesoma nini miezi hii sita. Nimesoma hicho.

Video ilikuwa dakika arobaini na tatu. Nimepata kumi na moja. Picha hakuna, ni mistari ya kijani inayocheza tu, lakini sauti ni safi kama yuko chumbani.

Sasa nisikilize vizuri. Ile sehemu uliyoitaka, pale Baba anapogeukia kamera na kutuombea, akitaja jina lako, langu na la Mama, akitubariki, haipo. Nimeitafuta kila mahali pa kutafuta. Imeandikiwa juu, na kilichoandikwa juu yake ni Linux yenyewe niliyoiweka. Haitarudi. Nakuomba msamaha kwa hiyo, na naomba msamaha zaidi kwa lile neno "iko" nililokwambia Jumapili ile, nikalirudia kila ulipouliza, majuma kumi na nne.

Zile dakika kumi na moja ni Baba akicheza bao la ajua na Baba Mdogo Obonyo pale varandani. Mbegu zinasikika zikianguka kwenye mashimo. Baba anahesabu kwa sauti, Baba Mdogo anamwambia anaiba, wanabishana kama watoto. Kuna mahali Mama anaita kutoka jikoni kwamba chakula kinapoa, na Baba anamjibu kwa Kijaluo, "Loice, chakula hakikimbii. Huyu mtu ndiye atakimbia." Halafu kuna mtu anacheka karibu kabisa na simu, anacheka mpaka anakosa pumzi. Ilinichukua muda kujua ni nani. Ni wewe, Kaka. Nilikuwa nimesahau kwamba huwa unacheka hivyo. Ni miaka mitatu sijakusikia.

Nilimwekea Mama. Alisikiliza akiwa amesimama, na sufuria mkononi. Baba aliposema yale maneno ya chakula, Mama akajibu, si kwangu, "Na kilipoa kweli. Ukakila hivyo hivyo." Kisha akaniambia nirudishe nyuma aisikie tena. Tangu siku hiyo ameisikia mara nyingi kuliko mimi. Mimi hutoka chumbani.

Utaniambia nimeokoa mchezo na kupoteza baraka. Nimejiambia hivyo mwenyewe, kwa maneno makali kuliko yako. Lakini sikuchagua mimi kipi kibaki. Na kama ningekuwa nimechagua, sijui, Kaka. Baraka ya Baba ninayo. Alinibariki kwa mkono wake hospitalini, nawe ulikuwepo. Kile ambacho nilikuwa sina tena ni sauti yake akiwa hana habari na kifo.

Kilicho ndani ya bahasha ni flashi yenye sauti hiyo. Ni kopi. Ya pili iko kwangu, ya tatu iko kwa Mama kwenye sanduku, na ya nne nimeihifadhi mbali kwenye intaneti. Sasa unaweza kuifungua. Usiisikilize kazini.

Kosa la tarehe kumi na tisa Julai ni langu, na la uongo ni langu zaidi, nami nitalibeba. Ila sitakubali uligeuze kuwa sababu ya kuniambia mimi ni nani. Hukufuta wewe, lakini wewe ndiwe uliyeagiza bila kuuliza kilichomo, na mimi ndiye niliyetii bila kutazama. Tulifanya wote wawili, kwa sababu ya gemu ambayo haikuwa na hatia yoyote. Wewe ni kaka yangu mkubwa na nakuheshimu. Wewe si Baba. Baba mwenyewe angekataa kuinuka kwenye mchezo, na ushahidi unao mkononi.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Laptop inabaki. Ikikuuma sana, nitafanya kazi kwa Wambugu mpaka nimnunulie Beverly nyingine, kwani ni kweli anahitaji. Lakini hii imekuwa mkono wangu, na mtu hakatwi mkono kwa sababu mkono huo ulivunja sahani. Nitaendelea kuishi Linux na kuingia Windows ninapotaka kucheza mpira, na mwaka ujao tutaenda tena Kericho, na wale wa Chepilat watatukuta tumejiandaa.

Kuhusu Desemba, usimwambie mtu yeyote wa Nyakach chochote kabla sijafika. Usiseme diski iliharibika, na usiseme ilikufa na stima. Watu wakishakaa, nitasimama mimi mwenyewe mbele ya Baba Mdogo Obonyo na wazee wote, niwaambie kwamba video ilikuwepo na nikaifuta mimi, Akello. Halafu nitawawekea ile iliyobaki. Atakayetaka kunilaani na anilaani akishaisikia, asitangulie.

Nisalimie wenzako wote wa ghala la chai, na mwenye nyumba wako ambaye uliniambia ana paka wengi. Mama anasema ule vizuri na usilale na feni inayokupuliza kifuani. Mzee Wambugu anakusalimu pia, ingawa hajui nimekuandikia nini. Phelix ameshamaliza chai na amesimama mlangoni, anatazama mawingu. Mungu akulinde huko, akufikishe nyumbani Desemba ukiwa mzima, hata ukija na hasira yako yote. Njoo nayo. Nitakuwepo.

Ni mimi dada yako,
Maxine Akello Otiende.